Kinaya katika Riwaya ya Walenisi

Swali la kinaya huwapotezea watahiniwa wengi alama, si kwa kuwa hawakusoma riwaya, bali kwa kuwa huona kinaya kila palipo na balaa. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu hapa Kipkelion aliniandikia kuwa ni kinaya mvua ya mawe kuharibu majani chai. Huo ni msiba tu, na Kericho tumeuzoea. Lakini mkulima akiahirisha kuchuma ili majani yaongeze uzito, kisha mvua ya mawe ikayapukutisha jioni iyo hiyo, hapo pana kinaya: hila ya kupata zaidi ndiyo iliyomkosesha.

Kwa kigezo hicho tutazame Walenisi (1995), riwaya ya kisayansi ya Katama Mkangi. Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kumwua. Anajifunza kukiendesha, nacho kinamfikisha katika sayari ya Walenisi ambako watu wanaishi kwa usawa. Mtahiniwa akiandika "ni kinaya kwamba Dzombo hakufa", amefika nusu ya safari. Sharti aonyeshe kuwa waliotaka kumwangamiza ndio waliompa chombo cha kuokokea. Tukiiondoa nia yao, kinachobaki ni bahati njema.

Jina la sayari nalo huishia kutajwa kama majazi, basi. Litamkeni polepole: wale ni sisi. Msomaji aliyejiandaa kukutana na viumbe wa ajabu anakutana na nafsi yake, jinsi ambavyo angeweza kuishi. Kinaya hiki hakimpati mhusika yeyote. Kinampata msomaji, na kwa maoni yangu ndicho kizito zaidi kitabuni. Ni nadra kukiona katika majibu ya wanafunzi.

Mkangi mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1986, wakati wa utawala wa Rais Moi. Mwalimu alitaje jambo hili darasani, kwani huangaza hukumu ya Dzombo. Katika jibu la kinaya, hata hivyo, mimi silipi alama: ushahidi utoke katika matini.

Wanangu huwauliza hivi kabla hawajaandika: nani alitarajia nini, na alifanya nini ili akipate? Asiyeweza kujibu huifuta sentensi yake.