Darubini ya Bunduki kwa Mlinzi wa Shamba: Namna ya Kuchagua Isiyo Ghali

Darubini ya bunduki ni bomba jembamba la aluminiamu lenye lenzi mbele na nyuma, linalofungwa juu ya bunduki ili mlengaji aone mnyama na alama ya msalaba kwa pamoja. Bila darubini, jicho hulazimika kupanga mstari wa vitu vitatu: alama ya nyuma ya bunduki, alama ya mbele na shabaha yenyewe. Jicho la mwanadamu haliwezi kuviona vyote vitatu kwa ung'avu mmoja, na kadiri umri unavyosogea ndivyo alama ya nyuma inavyozidi kuwa ukungu. Manufaa makubwa ya darubini yako hapo. Kukuza picha ni faida ya pili.

Katika vilima vya Ngara, ikiwamo kata ya Keza, na katika vijiji vya Biharamulo, wanaosumbua mashamba ya mahindi, maharage, mihogo na ndizi ni wa makundi mawili. Nyani na ngedere huja mchana, nguruwe pori na nungunungu huja usiku. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, vina majirani wengine wakubwa zaidi, ila hao si kazi ya bunduki ndogo ya mkulima. Bunduki yenyewe humilikiwa kwa leseni chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na mnyama yeyote wa porini yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kufikiria lenzi, ni kwa afisa wanyamapori wa wilaya na kituo cha polisi. Sheria hiyo ya 2009 inakataza pia kuwinda kwa taa na kwa vifaa vya kuonea gizani, na hilo linampunguzia mnunuzi gharama: darubini za usiku, ambazo ndizo ghali kuliko zote, hazimhusu. Kinachobaki ni darubini ya mchana kwa wanyama wa mchana.

Swali linalopaswa kutangulia ni la umbali. Huko Marekani, wawindaji wa prairie dog, mnyama mdogo wa nyikani, hupiga mita 300, 400 na zaidi kwenye tambarare kavu, na darubini zinazotangazwa kwa "masafa marefu" zimetengenezwa kwa ajili yao. Shamba la Ngara halifanani na tambarare hiyo. Kuna migomba, kuna mteremko, kuna njia ya watu wanaokwenda kisimani, na ng'ambo ya bonde kuna nyumba. Risasi ya kaliba .223 iliyomkosa nyani husafiri zaidi ya kilomita 3 kabla ya kutua, na hata ile ndogo ya .22 inaweza kufika karibu kilomita 2 na nusu. Mahali pasipo na ukuta wa udongo nyuma ya mnyama, hakuna darubini inayofanya risasi hiyo iwe halali. Mara nyingi nafasi salama katika mazingira ya aina hii hupatikana kati ya mita 50 na 200, na hapo ndipo uchaguzi unapopaswa kuegemea.

Kwa umbali huo, ukuzaji wa mara 3 hadi 9 unatosha na kuzidi. Nyani aliye mita 200, akitazamwa kwa ukuzaji wa mara 9, huonekana kama yuko mita 22 tu. Darubini ya bei nafuu inayojigamba kukuza mara 24 huleta hasara tatu kwa mpigo: eneo linaloonekana hubana hadi mlengaji ashindwe kumpata mnyama anayetembea, mtikisiko wa mikono hukuzwa pamoja na mnyama, na picha hufifia. Kufifia huko kuna hesabu yake. Kipenyo cha mwanga unaofika jichoni hupatikana kwa kugawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 40 kwa ukuzaji wa mara 9 hutoa karibu milimita 4.4, zinazotosha asubuhi na mapema ngedere wanapoingia shambani. Lenzi hiyo hiyo ikikuza mara 24 hutoa milimita 1.7 tu, na picha inakuwa nyeusi kabla jua halijapanda.

Ukubwa wa lenzi peke yake hauamui mwanga. Kioo kisichopakwa chochote hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, na darubini ina nyuso nyingi. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, alibuni utando mwembamba unaopunguza mwanga unaopotea hivyo, na leo hata darubini za bei ya chini huwa nao. Tofauti iko kwenye kiasi: nyingine zimepakwa tabaka moja kwenye baadhi ya lenzi, nyingine tabaka nyingi kwenye lenzi zote. Ya pili ndiyo ya kutafutwa. Dukani, njia rahisi ya kuipima ni kutazama kivuli chini ya mti wa mbali jua likiwa karibu kuzama. Darubini nzuri huonyesha majani ndani ya kivuli, mbaya huonyesha weusi.

Sehemu inayotofautisha kwa ukali darubini nafuu iliyo njema na takataka ni virekebishi viwili, cha juu na cha ubavuni, vinavyosogeza mahali risasi inapotua. Kila kirekebishi husogea kwa kliki. Kwenye darubini nyingi kliki moja ni robo ya dakika ya pembe, sawa na milimita 7 hivi kwa mita 100. Bunduki ikipiga sentimeta 6 kushoto ya alama kwenye umbali huo, kliki 8 za kulia zinaitosha. Nyingine hutumia kipimo cha mili, ambapo kliki moja ni sentimeta 1 kwa mita 100, na kwa msomaji aliyezoea mita hesabu yake ni nyepesi zaidi. Kipimo chochote kati ya hivyo viwili kinafaa. Kisichofaa ni kirekebishi kinachodanganya. Jaribio lake hufanyika kwenye uwanja wa shabaha: hupigwa risasi moja, kirekebishi kikazungushwa kliki 20 kulia, ikapigwa nyingine, kisha 20 juu, 20 kushoto na 20 chini, kila mara kwa risasi moja. Kwa mita 100 na kliki za robo dakika, matundu huchora mraba wa karibu sentimeta 15 kila upande, na risasi ya tano inapaswa kuangukia pale ilipotua ya kwanza. Darubini isiyorudi nyumbani namna hiyo irudishwe kwa muuzaji, hata kama kioo chake kinang'aa kama maji ya chemchemi.

Kurekebisha kunahitaji kujua risasi inavyoshuka. Risasi ya .223 ya uzito wa gramu 3.6, ikiwekwa sawa kwa mita 200, huwa imeshuka karibu sentimeta 20 ifikapo mita 300, na upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma zaidi ya sentimeta 20 nyingine. Hizo zinatosha kumjeruhi mnyama akimbie na kidonda badala ya kufa papo hapo. Katika nchi ya vilima kuna jambo jingine linalosahaulika sana: kushuka kwa risasi huhesabiwa kwa umbali wa mlalo tu. Nyani aliye mita 300 kwenye mteremko wa nyuzi 30 huhesabiwa kama yuko mita 260, awe juu au chini ya mlengaji. Anayelenga kwa mita 300 kamili atapiga juu ya alipokusudia.

Darubini nyingi huwa na vistari chini ya msalaba vya kulengea umbali mbalimbali. Ni msaada mzuri, lakini kwenye zile nafuu ukubwa wa vistari haubadiliki picha inapokuzwa. Maana yake vistari husema kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Aliyezoea kuvitumia kwa ukuzaji wa mara 9, akiviamini kwa mara 4, atakosa.

Paralaksi, yaani msalaba kuonekana ukihama juu ya shabaha jicho linapoyumba, haina uzito mkubwa kwa ukuzaji wa mara 9. Darubini za kawaida za uwindaji huwekwa kiwandani kwa yadi 100, zile za bunduki za .22 kwa yadi 50. Kirekebishi cha tatu cha paralaksi huongeza bei bila kuongeza mengi chini ya mita 200.

Nafasi kati ya jicho na lenzi ya nyuma isipungue sentimeta 8 au 9, la sivyo bunduki kubwa ikipiga teke ukingo wa darubini utapasua nyusi. Bomba lijazwe naitrojeni au agoni na kuzibwa barabara. Kwa mvua za vuli na masika za Kagera, darubini isiyozibwa hupata ukungu ndani, na ukungu huo haufutiki kwa kitambaa. Bunduki ya upepo yenye springi huhitaji darubini iliyoandikwa wazi kuwa inaihimili, kwa sababu springi hiyo hutikisa mbele na nyuma na kuvunja lenzi za darubini ambazo zingestahimili bunduki kubwa.

Kwa bei za Marekani, darubini nafuu zenye sifa hizi hupatikana kati ya dola 100 na 300. Vortex Crossfire II na Bushnell Banner ni mifano inayojulikana. Chini ya hapo virekebishi huanza kudanganya. Pete za kuifungia zisiwe za bei ya kutupwa, maana darubini iliyolegea hupoteza shabaha hata iwe ya Ujerumani.

Mlinzi mwenye darubini kwenye bunduki bado anahitaji darubini ya mkono. Kutafuta mnyama kwa darubini ya bunduki ni kumwelekezea mtutu kila anayetazamwa, na katika mashamba ya Keza anayetazamwa anaweza kuwa mtoto anayelinda mahindi. Kwa fedha ya mkulima, basi, inafaa darubini ya bunduki ya mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40, darubini ya mkono ya kutambulia, na kiasi kinachobaki kinunue risasi za mazoezi.