Besi ya Zamani: Jina la Kichwani Halitoshi

Mwanao anayesoma London akikupigia simu kwamba amepata gitaa la besi la zamani, aina ya Fender, na anataka pesa leo leo, mwambie asubiri. Hapa Stratford ninapoishi simu za namna hiyo si ngeni, na bei zake si za mchezo.

Mtaa huu wenyewe una historia na besi. Kundi la Iron Maiden lilianzishwa mwaka 1975 na mpiga besi Steve Harris, na maonyesho yake ya mwanzo yalifanyika kwenye baa ya Cart and Horses, pale Maryland, jirani kabisa na Stratford. Harris anajulikana kwa Fender Precision, na vijana wengi wanaitamani hiyo hiyo.

Precision ilianza kuuzwa 1951. Mwaka 1957 ikabadilishwa: kichwa kikapanuliwa, na kinasa sauti kikagawanywa vipande viwili. Januari 1965 kampuni ikauzwa kwa CBS, na mpaka leo besi za kabla ya hapo ndizo ghali zaidi. Kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja tu ni pesa nyingi.

Majina nayo yanachanganya. Mwaka 1968 Fender walirudisha umbo la Precision ya kwanza, lakini wakaliita Telecaster Bass. Mjanja akibadilisha maandishi ya kichwani, anakuuzia ya 1968 kwa bei ya 1953.

Mpwa wangu, aliyezaliwa Maskati, alionyeshwa Precision iliyosemwa ni ya 1964. Akaniambia, "Ami, twende ukaitazame." Nikamwomba muuzaji bisibisi.

Tulianza na sahani ya chuma nyuma ya shingo, yenye namba. Namba hizo zilikaa hapo mpaka 1976, zilipohamishiwa kichwani. Lakini kiwandani sahani hazikufungwa kwa mpangilio, na skurubu nne tu zinatosha kuihamisha. Tukafungua shingo: muhuri wa mwishoni mwake ulikuwa wa 1964. Mpwa wangu akatabasamu.

Nikamwambia bado, tutazame waya. Chini ya vitufe vya sauti kuna vidude vya umeme vilivyogongwa namba. Hivi viliandikwa 1376620: 137 ni kampuni ya CTS, 66 ni mwaka, 20 ni wiki. Lehemu ilionekana haijaguswa. Maana yake, mwili ule haukufungwa waya kabla ya katikati ya 1966. Huenda hata baadaye, kwa sababu Fender waliweka akiba kubwa ya vidude vya mwaka huo, vikatumika miaka kadhaa.

Kumbe shingo ni ya 1964 kweli, ila imepachikwa kwenye mwili mwingine. Ilikuwa inalia vizuri sana. Mpwa wangu akatoa bei ya besi ya kuunganisha, muuzaji akakataa, tukaagana kwa heri.

Basi mzazi, kabla ya kutuma pesa, omba picha nne: kichwa, sahani ya nyuma, muhuri wa shingo, na waya ndani. Uliza pia kama rangi ni ya asili, maana iliyopakwa upya hushusha bei sana. Muuzaji asiyetaka kufungua skurubu nne, mwache na besi yake.