Mzee Anasikia, Lakini Hasikii Yote

Huenda nyumbani kwako yumo mzee ambaye huombwa taa akaleta saa. Watoto hucheka. Akinyamaza, husemwa kwamba ana kiburi, akipaziwa sauti, hukasirika na kusema, "Mbona mwanipigia kelele? Mimi si kiziwi!" Usimdhanie vibaya. Mzee huyo asema kweli: sauti yako aisikia, ila baadhi ya herufi zimempotea njiani.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde, sauti huwa nzito kama ya ngoma kubwa. Ikiwa mingi, huwa nyembamba kama ya filimbi. Mtoto mwenye masikio mazima husikia tangu mitetemo 20 hivi kwa sekunde hadi kama 20,000. Mbu, ambaye twamwona ana sauti nyembamba mno, hupiga mabawa yake mara 400 hadi 600 hivi tu kwa sekunde. Ndiyo maana huweza kumkosesha usingizi babu na mjukuu pia.

Sauti ikiingia sikioni hutikisa kiwambo cha sikio, kisha hupitia vifupa vitatu vidogo hadi kwenye mfereji uliojizungusha kama gamba la konokono. Humo mna chembe hai kama 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana, na hizo ndizo zipelekazo habari kwenye ubongo. Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi mawimbi ya sauti yanavyosafiri ndani ya mfereji huo. Chembe zilizo karibu na mlango wake hupokea sauti nyembamba. Zilizo mwishoni hupokea nzito. Kwa kawaida zile za mlangoni ndizo zichakaazo kwanza, nazo zikifa haziwi kama ukucha ukatwao ukaota tena.

Uchakavu huo hausubiri mvi. Televisheni za zamani, zile zenye kioo kinene, nyingi zilitoa mlio wa mitetemo 15,625 kwa sekunde. Mtoto aliweza kuutambua akiwa chumba cha pili, wala babu aliyeketi mbele yake asiwe na habari. Mwaka 2005, huko Wales nchini Uingereza, Howard Stapleton alitengeneza chombo chenye mlio wa mitetemo kama 17,000 ili kuwafukuza vijana waliokusanyika milangoni pa maduka. Watu wazima wengi walipita hapo bila kusikia kitu. Muda si muda wanafunzi wakautia mlio wa namna hiyo katika simu zao, zikawa zalia darasani na mwalimu hasikii!

Kupoteza mlio wa filimbi pengine si hasara kubwa. Hasara huja pale upungufu unaposhuka hadi kwenye maneno. Irabu a, e, i, o, u zina nguvu nyingi katika sauti nzito, kwa hiyo mzee huzipata. Lakini s, f, sh na th ni pumzi nyembamba. Na bila hizo "fika" na "shika" huwa neno moja. Redio ikiwa inaimba na watu watatu wakazungumza kwa pamoja, mambo huzidi kuharibika.

Je, umri peke yake ndio wa kulaumiwa? Mwaka 1962 daktari Samuel Rosen wa New York na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima Wamabaan, watu wa nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, walioishi mbali na kelele za mitambo. Wazee wao walisikia vizuri kuliko Wamarekani wa rika lao. Wataalamu wamejadili pia chakula na afya ya mishipa ya damu, lakini kwamba kelele huua chembe za sikio, hilo halina ubishi. Kelele ya desibeli 85 hushauriwa isizidi saa 8 kwa siku. Ikiongezeka desibeli 3 tu, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani, fundi wa kuchomelea na kijana wa vipokea sauti masikioni, wote wanatumia akiba isiyorudishwa.

Basi tufanyeje? Unapozungumza na mzee, zima redio kwanza. Mkabili ili aone midomo yako. Sema polepole na kwa wazi. Usipige kelele, maana kelele hukuza irabu na kuacha pumpzi zile nyembamba pale pale. Asipoelewa, badili maneno badala ya kurudia yale yale. Mpeleke hospitali apimwe, kwani huenda ni nta tu iliyoziba. Wala usimchokoe sikio kwa njiti au unyoya. Vipo pia vyombo vya kumsaidia kusikia.

Nawe uliye kazini, vaa vizibo vya masikio hata wenzako wakikucheka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nasi tuongeze kwamba mkuu asiyesemeshwa hujitenga, akakaa peke yake katikati ya wanawe, na busara yake yote ikakaa naye.