Kupunguza Unene: Kikundi Kianzie Kwenye Birika

Ndugu wanakikundi, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya watoto wasiopata chakula cha kutosha, na hatujawasahau. Lakini siku hizi tukitembelea vikundi, kina mama wanatuvuta kando na kutuuliza jambo lingine. Magoti yanauma, presha imepanda, kliniki wameambiwa "punguza uzito", halafu wakarudi nyumbani bila kuelezwa uzito unapunguzwaje. Hilo ndilo tunalotaka kueleza leo.

Si maneno ya watu wa Nairobi peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu hapa Kenya, wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uzito huo huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu, na gharama ya magonjwa hayo mnaijua. Ng'ombe ameuzwa, shamba limekodishwa, na dawa bado ni za kila siku.

Kabla ya kufika kwa chakula, tuseme juu ya midomo ya watu. Huku kwetu mtu akinenepa husifiwa: umependeza, mzee anakutunza. Akipungua huulizwa, "Kwani unagonjeka?" Woga huu una sababu yake. Tulipitia miaka mibaya ya UKIMWI, uliotangazwa kuwa janga la taifa mwaka wa 1999, na tuliona watu wakikonda mpaka wakaisha. Basi mama akianza kupunguza uzito peke yake atasemwa mtoni na sokoni, na pengine mumewe mwenyewe atataka kujua kwa nini anajinyima. Wengi huacha kwa sababu ya maneno hayo, wala si kwa sababu ya njaa. Ndiyo maana tunashauri kazi hii ianzwe na kikundi. Watu ishirini wakipungua kidogo kidogo pamoja, nani atamnyoshea mmoja kidole?

Nani anahitaji kupunguza? Kama kikundi hakina mizani, uzi unatosha. Pima urefu wako kwa uzi kutoka kisigino mpaka utosini, ukate hapo, kisha uukunje mara mbili. Pumua nje kama kawaida, usivute tumbo ndani (tunajua mtajaribu!), halafu zungusha uzi huo uliokunjwa kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni habari njema. Zisipofikiana, mafuta yamejaa tumboni, na hayo ndiyo yenye madhara kuliko yale ya mapajani.

Mama mjamzito asipimwe hivyo wala asijaribu kupunguza uzito. Anayenyonyesha azungumze na muuguzi kwanza. Watoto waacheni wale. Anayetumia dawa za kisukari aende kliniki kabla ya kupunguza chakula, kwa maana sukari yake inaweza kushuka ghafla akaanguka. Na mtu anayekonda bila kutaka, hasa akiwa na kikohozi au kiu isiyoisha, huyo asipongezwe na kikundi, apelekwe hospitali.

Watu wengi hukata tamaa mapema kwa kudhani lazima warudi kuwa kama walivyokuwa wakiolewa. Si lazima. Mwaka wa 2002 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ya damu ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa wa kisukari. Waliofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, walipata kisukari kwa asilimia 58 chini ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wengine walipewa dawa yenyewe ya kisukari, na kwao upungufu ulikuwa asilimia 31 tu. Kwa mama wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Bado ataitwa mnene, na hilo lisimsumbue.

Sasa tuje kwa birika. Chai yetu huchemshwa na maziwa na sukari ikiwa ndani tayari, kwa hiyo hakuna anayechagua kiasi chake. Hebu tupige hesabu ya mkutano mmoja. Kila mtu anakunywa vikombe viwili, na kila kikombe kina vijiko vitatu vidogo vya sukari. Hivyo ni vijiko sita, karibu gramu 24. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ibaki chini ya 25. Basi mwanachama amemaliza sukari ya siku nzima mkutanoni, na bado kuna chai aliyokunywa asubuhi na ile inayomngoja jioni. Wakileta soda ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu soda nyingi za mililita 300 zina vijiko saba au vinane.

Dawa yake ni rahisi. Chai ipikwe bila sukari, bakuli la sukari na kijiko viwekwe mezani, na kila mtu ajitilie. Wiki mbili za kwanza atie vijiko viwili, kisha kimoja. Ulimi huzoea, chai uliyoipenda zamani utaiona kama uji wa harusi. Wanachama ishirini wakila sukari ile ya kwanza, nusu kilo huisha kila mkutano. Mweka hazina ataona faida kabla ya mtu yeyote kuona kiuno kimepungua. Mandazi nayo yapumzike. Badala yake leteni viazi vitamu, nduma, ndizi au mahindi ya kuchemsha, lakini kipande kimoja kila mtu, si sinia. Mgeni asidhani amenyimwa, mwenyekiti aeleze mapema.

Nyumbani jambo kubwa ni mafuta ya kupikia. Wengi humwaga kutoka kwenye mtungi kwa jicho. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu ya kalori 120 hivi, na mtu hutembea kwa haraka karibu nusu saa ili kuichoma. Kwa hiyo pima kwa kijiko. Sukuma wiki, terere na managu hupikika kwa kijiko kimoja cha mafuta na nyanya na kitunguu, na utamu haupotei. Githeri haihitaji kukaangwa kila siku.

Hatusemi muache ugali. Tunasema sahani ipangwe upya: nusu yake mboga, robo ugali au wali au viazi, robo nyingine maharagwe, ndengu, mayai, samaki au nyama. Ugali wenyewe uwe kama ngumi yako. Ukiona njaa ongeza mboga na maharagwe, kwa maana hayo hukaa tumboni muda mrefu. Kujinyima chakula siku mbili na siku ya tatu kula cha watu watatu hakusaidii kitu. Matunda yaliwe mazima. Juisi hunyweka upesi mno, na shibe haipo.

Kuhusu mazoezi hatutasema mengi, kwa sababu mama aliyelima tangu asubuhi hana haja ya kuambiwa aruke kamba. Wanaohitaji kusikia ni wale wa kukaa dukani, kwenye cherehani, na sisi wa ofisini. Pia boda boda imetuharibu kidogo. Mahali tulipokuwa tukitembea nusu saa, sasa tunalipa tubebwe! Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, ndiyo hizo dakika 150. Mwendo uwe ule wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mwenye magoti mabovu aanze na dakika kumi kwenye njia tambarare, aongeze polepole. Jueni tu kwamba kutembea bila kubadili chakula hupunguza uzito kidogo sana, ingawa kunafaa moyo na presha hata kama mizani haisogei.

Kuna watu wanaozunguka masokoni na vidonge na majani ya chai ya kupunguza tumbo. Mengi ya hayo ni dawa za kuharisha. Yanatoa maji na choo, mafuta yanabaki. Msitoe pesa ya kikundi huko.

Kikundi kikianza, katibu afungue ukurasa katika daftari. Kila mwanachama anayetaka aandikwe kipimo cha kiuno mara moja kwa mwezi, na uzito kama kuna mizani zahanatini. Majina yasisomwe kwa sauti. Wengine watatumia nambari tu. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kuna wiki ambayo hakuna kitakachosogea, hasa msimu wa harusi na wa mahindi mabichi. Anayetumia dawa za presha apimwe kliniki kama kawaida na asiache dawa kwa kujiona amepungua, mpaka daktari mwenyewe atakapomwambia. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kualikwa mkutano wa kwanza awaonyeshe jinsi ya kuzungusha uzi. Mwandalieni chai, na bakuli la sukari liwe mezani.