Kiolezo Kikubwa kwa Karatasi Ndogo

Mwaka huu siwaletei shairi wala mambo ya ngeli. Nataka nieleze jambo ambalo wenzangu wa Sayansi ya Kimu, na wale wenye mama au dada fundi, watalielewa upesi: namna ya kuchapisha kiolezo kikubwa cha nguo kwa printa ndogo, hii ya kawaida inayokula karatasi za A4 tu, na bado nguo itoshe mwili wa mwenyewe.

Kiolezo ni ile karatasi iliyokatwa kwa umbo la kipande cha nguo, kama vile mkono, kola au mbele ya gauni. Mafundi wetu wengi huiita paterni. Hulazwa juu ya kitambaa, chaki ikazungushwa, kisha mkasi ukafuata. Biashara ya violezo vya saizi mbalimbali si ya jana wala juzi. Huko Marekani, fundi mmoja aitwaye Ebenezer Butterick wa mji wa Sterling, jimbo la Massachusetts, alianza kuviuza mwaka wa 1863. Wakati huo mteja alinunua karatasi zenyewe, zimekunjwa tayari. Siku hizi mara nyingi anatumiwa faili kwenye simu, karatasi ajitafutie. Hapo ndipo kazi huanza.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Gauni la mtu mzima hupita mita moja. Kwa hivyo mchoro hugawanywa vipande vipande mithili ya vigae vya sakafuni, kila ukurasa ukabeba kigae chake. Gauni moja laweza kula kurasa 30. Saiba ya karibu na kwetu hutoza shilingi 10 kwa ukurasa, hizo ni shilingi 300, na kitambaa bado hujanunua!

Basi usikimbilie kuchapisha zote. Tafuta ukurasa wenye mraba wa kupimia, aghalabu ni ule wa kwanza, uuchapishe huo peke yake. Upime kwa rula ngumu, upana na urefu, zote mbili. Usitumie ile tepu ya fundi iliyozeeka, kwani hunyooka ikawa ndefu kuliko inavyosema. Ikiwa mraba wa sentimita 10 umetoka 9.7, simama hapo hapo.

Huenda ukauliza, milimita 3 zina nini? Hebu tupige hesabu. Mraba huo unakwambia kila kitu kimepungua kikawa asilimia 97. Kifua cha sentimita 92 kitakuwa sentimita 89 na kidogo. Karibu sentimita 3 zimepotea na hakuna aliyeziona, maana mchoro kwenye karatasi unapendeza vilevile. Mtaani kwetu niliona sketi ya shule iliyokatwa kwa kiolezo cha namna hiyo. Zipu ilipanda ikafika nyongani ikagoma kabisa. Kitambaa cha sare kilikuwa kimenunuliwa cha sketi moja tu, na muhula ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa nacho ni vivyo hivyo.

Chanzo chake ni nini? Kompyuta nyingi hupenda kuubana ukurasa ili uenee ndani ya karatasi. Tena violezo vingi vya Marekani hupangwa kwa karatasi ya kwao iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Ni pana kuliko A4 lakini fupi. Ukiachia kompyuta iulinganishe upana huo na A4, itapunguza hadi asilimia 97 hivi. Dawa ni kuchagua ukubwa halisi, yaani asilimia 100, kabla ya kubonyeza. Ukienda saiba, mwambie mhudumu mapema, kwani yeye amezoea barua za kuomba kazi, ambazo zikipungua kidogo hakuna anayelia. Na umpelekee faili yenyewe. Picha uliyopiga kwenye kioo cha simu haina kipimo chochote ndani yake.

Soma pia maandishi ya ndani ya mraba. Mingine ni ya inchi 4, ambazo ni sentimita 10.16, kwa hivyo rula ikipita 10 kidogo usianze kugombana na printa.

Mraba ukikubali, chapisha zilizobaki, lakini si lazima zote. Faili huwa na ramani inayoonyesha kila kipande kiko kurasa zipi. Kama gauni lako halina mikono, kurasa za mikono za nini? Na ukanda wa kiuno, ikiwa ni mstatili tu, uchore mwenyewe kwa rula.

Sasa kuunganisha. Printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni, ndiyo maana kila karatasi ina pambizo nyeupe. Kata pambizo ya kulia na ya chini pekee, zile nyingine mbili ziache ziwe mahali pa kubandikia. Funga mlango upepo usiingie, panga karatasi sakafuni kwa kufuata nambari, unganisha safu moja moja, halafu safu kwa safu. Alama za pembeni zikutane sawasawa. Hapa watu huona uvivu, jamani, na hapa ndipo kiuno huharibikia. Kiolezo cha mbele huwa ni nusu tu, kwa kuwa kitambaa hukunjwa mara mbili. Ukikosea kiungo kimoja kwa milimita 3, mbele yote imekosea milimita 6, na nyuma ukikosea vivyo hivyo, mwili mzima ni milimita 12. Gundi ya maji hukunyanza karatasi, afadhali gundi ya kijiti au selotepu. Lakini selotepu usiipitishie pasi, itayeyuka.

Ukimaliza, nakili kiolezo kwenye karatasi ya kaki, ambayo hustahimili kutumiwa tena na tena, na ule mshale wa uzi usiusahau.

Miji mingine ina maduka yanayochapisha ramani za nyumba kwa karatasi ya A0, milimita 841 kwa 1189, ambayo ni sawa na A4 kumi na sita. Huko hakuna kubandika hata kidogo. Uliza bei kwanza, uilinganishe na ile ya kurasa zako, na hata huko beba rula upime mraba kabla hujalipa.