Fahamu: Picha zinavyofichua majeraha ya mito ya Lewisham

Miti ya kando ya kijito ikikatwa, kivuli hutoweka na maji hupata joto. Mizizi ikioza, kingo humomonyoka, udongo hufunika changarawe ambamo samoni hutaga mayai, nayo mayai hukosa oksijeni. Hiyo ndiyo hasara ya ukataji miti katika misitu ya pwani ya Kanada na Marekani.

Huko Lewisham, kusini-mashariki mwa London, jeraha la mito si la ukataji miti bali la zege. Mito ya Ravensbourne na Quaggy ilinyooshwa na kufungiwa kwenye mifereji ili kudhibiti mafuriko kama yale makubwa ya mwaka 1968. Katika bustani ya Chinbrook Meadows, zege lilibomolewa mwaka 2002, Quaggy ukarudishiwa kona zake na majani ya kingoni. Picha mbili za hapo, ya kabla na ya baada, humshawishi mkazi haraka kuliko ripoti nene.

Lakini picha moja peke yake hupotosha. Maji ya matope huenda yameletwa na mvua ya jana tu. Ndiyo maana mpiga picha makini husimama palepale, msimu uleule, akaandika tarehe. Huko Deptford Creek, mahali mto Ravensbourne unapoingia mto Thames, lazima ajue pia saa za maji kupwa na kujaa. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wavuvi wa Lamu na Rufiji wanazijua saa hizo tangu utotoni. Mikoko yao inayokatwa inastahili kumbukumbu ya picha ya namna hiyohiyo, na ianze sasa.