Je, unakula mashini yako?

Tuseme ulipata falanga za mwisho wa kazi ukanunua mashini ya kusaga mahindi kwa dola 2 000. Kila mwezi, ukiisha kulipa mazuti na kijana wa kazi, unabaki na dola 90. Faida yako ni 90? Hapana.

Ile mashini ni mali ya kudumu. Watu wa hesabu wanaiita imobilizasio. Hukuinunua ili uiuze, ulinunua ikutumikie miaka mingi. Lakini mifuko ya mahindi uliyoweka ili uuze unga, hiyo ni stoki. Katika hesabu za OHADA, umoja ambamo Congo iliingia mwaka 2012, mali ya kudumu inaandikwa klasi ya 2, stoki klasi ya 3. Na uangalie vizuri: kinachoamua ni kazi ya kitu. Kamyo ileile ni mali ya kudumu kwa mwenye kubeba mawe ya shaba, lakini kwa mwenye kuuza kamyo ni stoki tu.

Sasa, mashini inachakaa. Kama itadumu miaka 5, kila mwaka inapoteza dola 400 za bei yake, karibu 33 kwa mwezi. Hiyo ndiyo amortisma. Faida ya kweli ni dola 57. Zile 33 ukizila, unakula chuma, na siku motere inakufa huko na kitu mkononi. (Kiwanja hakina amortisma, udongo hauzeeki.)

Ofisi ya kodi nayo inafuata njia hiyo kwa kampuni zenye kupanga hesabu kamili. Haikubali utoe bei yote ya mashini katika faida ya mwaka mmoja. Inakubali sehemu ya kila mwaka. Kwa hiyo sherti utunze fakture. Mukaba uliokatika ni gharama ya mwaka uleule, lakini motere mpya ya kudumu inaongezwa juu ya mali.

Sisi wa Katanga tuliona jambo hili kwa ukubwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba kupita tani 450 000. Mwaka 1993 haikufika 50 000. Sababu zilikuwa mingi, na mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Lakini sababu moja ni mashini zilizozeeka bila kubadilishwa.

Zile dola 33 utaziweka wapi? Wengine wananunua mbele ya wakati nyundo na chujio za mashini. Wengine wanaingia likelemba, na wanaomba zamu yao ianguke mwezi ule wa kununua.